Hotuba ya Kuzindua Mashine ya Kujiinua, Uwanja wa Rughenda, Butembo

Mheshimiwa Kamanda wa mji, pamoja na yule Kamanda mwingine anayesema kwamba yeye ndiye Kamanda wa mji. Wapendwa mapadri wetu, na wachungaji wetu waliokaa mbali kidogo na mapadri. Bwana Chef wa kata na bibi yake, na yule mama mwingine aliyekuja naye. Wajumbe wa Mbau, ambao walianza safari juma lililopita na tunatumaini barabara itawaachilia juma lijalo. Wakulima wa Vuhovi. Wamama wa soko. Wananchi mlio na viti na ninyi ambao viti vyenu vimekaliwa na walinzi wangu: mbele yenu anasimama mtumishi wenu mnyenyekevu, Éliakim, Commissaire-adjoint wa Michezo, Misuli na Mambo Yanayofanana, aliyeteuliwa na Mouvement yetu inayotawala mji huu, Mouvement ambayo tangu kuzaliwa imegawanyika mara tatu tu, ishara ya kwamba ina rutuba. (Makofi, upande wa viti.)

Leo ni siku ya historia. Nyuma yangu, chini ya mwamba wa goli hili la mpira, mnaona turubai. Chini ya turubai kuna mashine. Musiisogelee, tafadhali, ni ya kiufundi.

Baada ya étude ya kina, iliyofanywa na bureau yangu juu ya watu watano, mmoja wao mgonjwa, tuligundua kwamba miguu ya wananchi wetu imeendelea kupita kiasi. Tangu vita ianze, mutu wa hapa anakimbia asubuhi kwenda msituni, anarudi kuangalia kama nyumba ipo, anakimbia tena. Babu wa miaka sabini ana mapaja ya mchezaji wa timu ya taifa. Lakini mikono, wapendwa, mikono imebaki nyuma! Ni déséquilibre, mwili umekosa usawa.

(Sauti ya mama: “Mikono inangojea jembe, Commissaire!” Kicheko.)

Huyo ni mama Kyakimwa wa Vuhovi. Ninamufahamu. Siku nne sasa anakaa mbele ya mlango wa bureau yangu, na mbegu za maharagi zimefungwa katika kitambaa, akiniuliza swali moja. Mama, nitafika kwenye majembe. Hotuba ina mpango.

Donc, tuje kwenye mashine. Wazungu wanaiita appareil de traction assistée. Assistée! Yaani mutu anajiinua, lakini anainuliwa. Ni siasa yetu nzima katika chuma kimoja. Unashika mwamba juu, unapiga magoti kwenye kibao kidogo, kama mbele ya altare; kibao kimefungwa kwa kamba, kamba inapita juu ya gurudumu, na upande wa pili kuna vyuma vizito. Vyuma vinashuka, wewe unapanda. Pembeni kuna vyuma viwili vya kushika, unajishusha katikati na kujisukuma juu, kama Bwana Chef anapotoka katika kiti chake. (Bwana Chef anajaribu kutoka katika kiti. Anaacha.)

Na hapa ndipo ilipo siri, ambayo mimi mwenyewe niliisoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti. Katika mashine hii, ukipunguza uzito, unakuwa mzito. Ukiongeza uzito, unakuwa mwepesi! Ongeza uzito, utakuwa mwepesi! Ni nani kati yenu aliyekuwa anajua? Miaka yote hii mulilalamika kwamba tunawabebesha mizigo, kumbe tulikuwa tunawapunguzia. (Mchungaji mmoja anakohoa.)

Ndiyo sababu tuliwaomba majembe, ili yawe uzito wa mashine. Mama mmoja, jembe moja. Mulitoa kwa moyo, na waliokosa moyo walisaidiwa na walinzi.

(Mama Kyakimwa: “Mvua ilisha kuanza! Tutalimia nini, vidole? Maharagi ikichelewa juma hii, batoto batakula hotuba?” Makofi makubwa, upande usio na viti.)

Asanteni kwa makofi. Takwimu sasa. Kabla ya programme, mwananchi wa Butembo aliweza kujiinua mara sifuri nukta nne. Leo, (ndege inaruka kutoka uwanja wa ndege, takwimu hazisikiki) asilimia tisini. Hamukusikia? Narudia: asilimia mia moja na sita. Na musifikiri munapendelewa, kwa maana Beni wanayo ya kwao tayari, inafanya kazi mchana na jioni, watu wanajiinua mpaka inabidi kuwashusha.

(Mama Kyakimwa: “Funua turubai, tuone.”)

Haitafunuliwa, mama, kwa sababu za usalama. Lakini nitafanya démonstration mimi mwenyewe, kwa mwili huu huu. (Anavua koti, anampa mlinzi. Anapanda juu ya turubai, anashika mwamba.) Munaona? Magoti yangu yako kwenye kibao. Technicien, washa! (Turubai linamuinua kidogo. Linapiga chafya.) Ni hewa katika gurudumu la kamba.

(Turubai: “Commissaire, goti yako iko mu shingo yangu.”)

Ni mashine ya kisasa, inazungumza.

(Turubai lingine, ndani ya lile lile: “Lusenge, nyanyua upande yako, mimi peke yangu siwezi, huyu mutu anakulaka sana!”)

Lusenge, Élysée, nyamazeni! Yaani, nyamaza, mashine! Wananchi, musikaribie. Mama Kyakimwa, rudi mahali pako. Unashika nini hapo?

(Mama Kyakimwa: “Hii mupini ni yangu. Niliifunga na kipande ya kitenge yangu, muione, ya maua. Bamama! Majembe yetu ndiyo inasimamisha hii turubai kama hema!” Anavuta. Turubai linaanguka, Commissaire anabaki akining'inia kwenye mwamba wa goli. Wanatokea vijana wawili wenye jasho, na majembe yote ya Vuhovi. Wamama wanaingia uwanjani.)

Wapendwa! Taratibu! Naendelea na hotuba nikiwa katika position ya kazi. Mikono iliyoinuka haishuki! Semeni nami: Misuli! (Wamama wanachagua majembe yao.) Traction! (Mbuzi mmoja anaitika.) Oyee, basi.

Nafika kwenye shukrani. Namshukuru Henri, fundi wa kuchomelea, ambaye kwa uaminifu mkubwa hakuchomelea kitu. Namshukuru mama muuza mandazi, ambaye karatasi aliyonifungia mandazi ndiyo ukurasa wa arobaini na moja wa katalogi ya Wazungu, wenye picha ya mashine. Ukurasa wa arobaini na mbili, unaoeleza namna ya kuitengeneza, ulifungia mandazi ya mutu mwingine, na tunamtafuta bado. Nawashukuru ndugu zetu wa Beni, ambao jana walipiga makofi vizuri sana nilipowaambia kwamba mashine iko Butembo. Na ninyi, wamama, wasingya, asanteni. Musiondoke wote. Ninaomba mumoja tu abaki. Siyo kwa sherehe. Mikono inachoka, Lusenge amekimbia, na walinzi naona wanabeba viti. Mama Kyakimwa! Wewe unayenifahamu! Nishushe!

(Mama Kyakimwa alikuwa amefika barabarani, jembe begani, kitambaa cha mbegu mkononi. Aligeuka akamtazama. Miguu ya Commissaire ilikuwa nusu mita tu kutoka kwenye majani.

“Ongeza uzito, baba,” alisema. “Utakuwa mwepesi.”

Kisha akashika njia ya Vuhovi na wenzake, kwa sababu mawingu yalikuwa yanarudi.)