Mungu wa Mto Aliyelala kwenye Dhahabu

Naapa kwa miungu yote, ya juu na ya chini, haya ni kweli tupu.

Palikuwa na mjanja mmoja hapa Roma, Bulla, mwenye ulimi kama uliopakwa mafuta ya zeituni. Siku hiyo mali yake yote duniani ilikuwa sarafu moja ya dhahabu, na kesho yake ni mosi Julai, siku wenye nyumba wanapowatupia wapangaji wasiolipa kodi vyombo nje. Upande mmoja wa sarafu Kaisari; upande wa pili mungu wa mto Tiberi, mzee wa ndevu, kajilaza ubavu, kaegemea mtungi unaomwaga maji. Bulla alimwonea wivu: kula bila kuamka!

Ndipo alipomwona Helpis, mjane anayefua mabomba ya maji kwa madini ya risasi pale darajani, akifuta sarafu zake kumi za dhahabu mlangoni bila wasiwasi.

Bulla akamsogelea, akamweleza kwamba mtungi ule haumwagi maji bali dhahabu. Sarafu ya mungu ikilazwa mtoni na wenzake usiku mmoja, asubuhi wote wamezaa pacha.

“Na mke wa mungu hana neno?” akauliza Helpis.

“Mama, mzee huyo kalala tangu dunia iumbwe. Mke kashamzoea.”

Helpis akaingia karakanani mwake, akakawia kidogo, akatoka, akatia kumi zake kifukoni. Bulla akatia yake, kumtoa shaka. Kifuko kikawekwa juu ya jiwe, ikabaki dua. Na hapa Roma anayeomba kichwa wazi hasikilizwi. Bulla akajifunika joho kichwani hadi puani, akaomba kwa sauti nzito, huku kifuko pacha cha kokoto kikimtekenya kwapani hata nusura acheke. Akapapasa jiwe, akabadilisha vifuko gizani mwa joho, akautupia mto kokoto zake.

Kisha mbio hadi kilabuni. Akaagizia watu wote mvinyo, akafungua kifuko: vipande kumi na kimoja vya risasi, mviringo safi, bado vina joto.

Helpis akaingia, akaweka mezani sarafu ya yule mzee wa ndevu.

“Mvinyo wao nalipa mimi,” akasema. “Baba, ulipojifunika wewe, mimi nilikuwa macho.”

Kesho yake godoro la Bulla lilikuwa barabarani.

Sasa mwenye kilabu ananiuliza: ndani ya joho alikuwa Bulla peke yake, mimi nimejuaje kokoto zilimtekenya?

Haya. Wajazieni wote. Nalipa.