Delmer Hruska Alivyomleta Mdemokrati Mezani

Tulieni, enyi mlao, na mnaotafuna mtafune polepole, maana nawaletea habari nzito: habari ya Delmer Hruska, simba wa kitongoji cha Weller, bwana wa mahindi, mwenyekiti wa meza ya kura, aliyeinusuru ngome ya wazee wake asubuhi moja ya Novemba yenye theluji, kwa trekta na kwa aibu. Vita vikubwa vimepata malenga wao. Hivi navyo visikose wake.

Jueni kwamba katika Kaunti ya Amsel, huko nyanda za Nebraska, kumuuliza mtu anapigia chama gani kura ni sawa na kuuliza kama ng'ombe anakula nyasi. Babu zao walikuwa Warepublikani, na babu za babu zao, na mbwa wao wangejiandikisha kama sheria ingeruhusu. Weller nzima ilikuwa na Mdemokrati mmoja tu, Bibi Lorna Tvedt, mjane, mwalimu wa zamani wa shule ya Jumapili, na watu wote walimtunza kama yai. Walimwondolea theluji mlangoni, wakampelekea supu kila alipopiga chafya. Si mapenzi matupu hayo. Sheria ya jimbo ilitaka meza ya kura ikaliwe na watu wa vyama vyote viwili. Akikosekana Lorna, kituo cha Weller kinafungwa, na watu wake wanakwenda kupigia kura Orlin, kitongoji jirani. Na mtu wa Weller afadhali azikwe hai kuliko kupanga foleni Orlin, kwa wale walioiba kengele ya shule yao na mpaka leo wanaipiga.

Sasa huyo Delmer, ulimi wake haukuwa na lijamu. Kwenye karamu ya mavuno kanisani alisimama na sahani ya viazi, akatangaza kwamba mkutano mkuu wa chama cha Lorna unaweza kufanyika bafuni kwake, na yeye bado akapata nafasi ya kuoga. Ukumbi ulicheka hadi ukapaliwa. Lorna hakucheka. Asubuhi ya uchaguzi kiti chake kilikuwa kitupu, na karani wa kaunti alikuwa njiani kuja kukagua.

Hapo ndipo jemadari alipolipanda trekta lake. Theluji ikamshambulia ubavuni, upepo ukamvua kofia, naye hakugeuka kuiokota, maana kofia hununuliwa dukani na ngome hainunuliwi. Akamkuta Lorna jikoni, anapaka siagi kwenye mkate, taratibu, kama malkia anayempokea mjumbe wa nchi iliyoshindwa.

"Bibi Lorna," akasema Delmer, "nimekuja kukuomba radhi. Niliropoka. Weller bila wewe si Weller, ni kiunga cha Orlin."

"Unaniomba mimi, au unakiomba kiti?"

Delmer alifikiria kudanganya, akaona haya. "Nilipotoka nyumbani, kiti. Sasa nimekuona, nawaomba nyote wawili."

"Haya, angalau husemi uongo. Nitakuja. Lakini siji kwa kujificha. Lile bango la buluu la chama changu pale uani, unalolisonya kila ukipita, utalifunga mbele ya trekta lako. Na tutapita barabara kuu, mwanangu, siyo njia ya mashambani."

"Watu wataniona."

"Bango ni la kuonwa."

Moyo wa shujaa ukamshuka hadi kwenye buti. Hata hivyo alilifunga kwa waya wa uzio. Wakapita mbele ya ghala la nafaka, ambako wanaume walimwagikiwa na kahawa. Wakapita mbele ya kinyozi, aliyetoka na wembe mkononi. Na mzee mmoja akavua kofia akidhani ni mazishi. Lorna aliwapungia wote. Waliingia ukumbi wa zimamoto, ndiko kulikokuwa na kituo cha kura, karani akiwa tayari ameshika kufuli. Lorna akaketi, kufuli likarudi mfukoni, na Weller ikapiga kura kwao.

Jioni kura zilihesabiwa hadharani, kama ilivyo desturi. Kila mwaka upande wa Lorna ulipata moja, na watu wakaipigia makofi ya adabu. Safari hii msomaji alisoma, akasita, akasoma tena. Mbili.

Ukumbi mzima ukamgeukia Delmer. Trekta walikuwa wameliona. Delmer, aliyejijua safi kama sahani, alijawa na ghadhabu. Akamgeukia Lorna, naye akasema mkono wake hutetemeka, lakini si kiasi cha kupiga kura mbili. Basi akainuka kumsaka msaliti, macho yakazunguka safu kwa safu, hadi yakamfikia mkewe Phyllis, aliyekuwa akifuta birika la kahawa lililokwisha kung'aa. Delmer akafumba kinywa. Kisha akamtazama Lorna, alivyozeeka, alivyokohoa, akaiwaza siku ambayo kiti kile kingebaki kitupu kwa kweli. Akakifumbua tena.

"Enyi watu wa Weller, aliyefanya haya sitaki kumjua. Ila namwombea kwa Mungu afya njema na maisha marefu."

Hivyo ndivyo taifa lilivyookolewa, au walau kitongoji chake kimoja. Warepublikani wote wakasimama, wakazipigia makofi kura mbili za adui hadi madirisha ya zimamoto yakatikisika. Na waliokuwapo wanasema Phyllis ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha.