Madebe kwenye Kona ya Wazee

Jumatatu, 3 Machi

Kichwa kinauma. Siku ya nne leo. Ni mnara ule wa simu.

Waliusimamisha kilimani kwa jirani yangu Ravolasoa baada ya mavuno ya mwaka jana, na tangu hapo Ravolasoa anatembea kama aliyezaa mfalme. Kilima chenyewe ni mawe matupu. Muhogo uliota pale kwa kuomba radhi. Leo kisimani kaniuliza mbele za watu, Mama Voahangy, si mnara wangu huu unaokuletea sauti ya mwanao? Nikamwambia sauti ya mwanangu ilinifika hata kabla, nilikuwa napanda kichuguuni naipokea. Akasema ndiyo, nusu maneno, nusu upepo. Wanawake wakacheka. Nimerudi na ndoo nusu.

Voahangy yuko Arabuni, mwaka wa tatu huu, anafua na kulea watoto wa wenyewe. Wa kwake, Fitia, ninaye mimi. Ana miaka sita. Uso wa mama yake umeshamtoka akilini, kabaki na sauti tu. Kila Jumapili saa nane mchana simu inalia, naye anaibana sikioni mpaka sikio linakuwa jekundu. Hapo ndipo roho yangu inakosa raha. Siku Voahangy anaondoka nilimwapia kwamba mtoto atamkuta mzima, kila unywele mahali pake.

Na mimi nikiapa nimeapa.

Jumatano, 5 Machi

Zahanati. Nesi ni Mirana, ambaye namjua tangu akiwa na kamasi. Kanifunga mkono, kapuliza, kasema presha iko juu, Bibi, punguza chumvi, samaki mkavu acha kabisa. Sikutembea milima miwili kusikia habari za samaki. Nikamuuliza mawimbi ya mnara.

Akajibu kirefu. Kwamba wataalamu bado wanachunguza, lakini kwa umbali ule mnara haujaonekana kumdhuru mtu. Kilicho karibu na kichwa ni simu yenyewe. Kama nina wasiwasi, mtoto asiibane sikioni, tuweke spika, mazungumzo yawe mafupi, nami nisiilalie chini ya mto. Tena tusiongelee pahali penye mtandao hafifu, maana hapo simu hujikamua zaidi, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

Nimemwelewa. Mnara ni hatari.

Spika siweki. Ravolasoa ana masikio ya sungura, mambo ya nyumba yangu yatafika kisimani kabla sijakata simu. Na chini ya mto nitaendelea kuilalia. Mwanangu akinihitaji, aikute wapi, kabatini?

Nikamuuliza, je, nihamishe kitanda? Akasema ukitaka, Bibi, hamisha tu. Mtoto wa juzi huyo. Kitanda changu kiko mashariki ya nyumba, kichwa kaskazini, jirani na kona ya wazee, pale wanapokaa marehemu wetu, kama kilivyokuwa cha mama yangu na cha mama yake. Na mnara umesimama upande huohuo hasa, kama uliopimiwa kamba. Nikikigeuza, miguu itawaelekea marehemu. Nimpige teke Ratsimba, mume wangu, ambaye akiwa hai sikumpiga? Na sababu nilikuwa nazo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa! Bati linarudisha mvua. Litarudisha na mawimbi.

Madebe kumi na mawili ya mafuta nilikuwa nayo nyuma ya jiko, ya karamu ya kumzika Ratsimba. Watu walitaka kuyanunua, sikutoa. Sikujua nayawekea nini. Leo nimeyakata, nimeyaponda kwa mchi mpaka yakalala kama chapati, nikayapigilia ukutani kuanzia kona ya wazee. Kwanza nilidondosha ramu kidogo pale konani, nikawaomba radhi kwa makelele. Fitia akauliza kama babu hatasikia joto. Nikamwambia babu yako alikuwa mtu wa baridi sikuzote.

Kidole kimoja nimekipiga nyundo. Si kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Madebe yameenea kuta zote, na mlango, na dirisha, maana mawimbi yana akili, yakizuiwa huku huzungukia kule. Juu kuna mabati tayari.

Ravolasoa alifuata mlio wa nyundo. Alichungulia akaguna. Akasema mwenzangu, umewafungia wazee nje. Nikamjibu wazee wanapita kwenye bati, mawimbi hayapiti. Akauliza nimejuaje. Mtu mwenye adabu haulizi hivyo.

Alipoondoka nikawasha simu katikati ya chumba. Vile vijiti vya mtandao vinavyojipanga juu ya kioo vimekwisha vyote. Fitia akavitafuta kwa kidole. Akasema Bibi, mama atapita wapi?

Nikamwambia sauti inayovuka bahari nzima haitashindwa na debe la mafuta.

Jumapili, 9 Machi

Naandika vibaya. Ni kichwa.

Tangu saa sita Fitia alikuwa amevaa gauni jekundu, lile lililotumwa na mama yake, linalombana sasa kwapani. Tulikaa ndani, mlango nimefunga. Saa nane simu haikulia. Saa tisa haikulia. Nikasema mama yako ana nguo nyingi za kufua leo.

Mara nikasikia Ravolasoa anateremka kilimani anaita jina langu, mbio, mwanamke wa miaka sitini na saba, kanga ya mabegani imembaki mkono mmoja. Simu yake kainyoosha mbele kama mtu aliyebeba kaa la moto. Na ndani ya simu, kwa spika, mwanangu anaongea.

Kumbe alikuwa amepiga kwangu mara tisa.

Ravolasoa akasema, akihema, ongeeni hapahapa nje, Mama Voahangy, usiingie. Lakini nje walikuwa wameshakusanyika, wake kwa waume, na mama mkwe wa mwenyekiti wa kijiji yuko mbele. Nami siongei na mwanangu kama mpiga mnada. Nikamshika Ravolasoa mkono, nikamvuta ndani, nikafunga mlango. Nikasema haya, mwanangu, sema, Fitia huyu hapa, tuko chini ya kona ya wazee, babako anasikia.

Voahangy akasema, "Fitia, mama ana..."

Basi. Kimya. Fitia akaishika ile simu akaibana sikioni, hata sikumkataza.

Tukatoka nje mbio. Ravolasoa alipiga, akapiga tena, akapanda mpaka nusu ya kilima akipiga. Imezimwa.

Alirudi akakaa kizingitini kwangu, jambo ambalo hajafanya miaka minne. Akanieleza kwa sauti ya chini aliyoyasikia njiani akiteremka. Voahangy anahamishiwa nyumba nyingine jioni hiihii. Huko simu zinakusanywa mlangoni. Mkataba miaka miwili. Aliomba apewe nusu saa amuage mtoto, na nusu saa hiyo aliimaliza akipiga kwangu.

Fitia ameuliza mama ana nini. Alisema mama ana, halafu nini?

Sijui. Mimi nitajuaje? Simu ya Ravolasoa ni ya bei rahisi. Ingekuwa simu ya maana isingekata.

Jumanne, 11 Machi

Mirana kapita. Kasema Bibi, toa madebe. Kasema presha inapanda kwa mawazo pia. Nimemkaribisha wali na samaki. Samaki nimekula mwenyewe.

Fitia hali. Anakunywa maji ya ukoko wa wali tu, anauliza neno lililofuata "ana" ni lipi. Ana njaa? Ana homa? Ana hamu? Nikasema chagua moja ulale.

Hakuchagua. Mimi nimechagua, ila siandiki.

Jumapili, 16 Machi

Nimeomba madebe mengine manane kanisani. Tabaka la pili limekwisha. La kwanza lilikuwa na matundu ya misumari, ndiyo maana mawimbi ya mnara yaliingia yakamkata mwanangu kauli. Nimefikiri wiki nzima na hakuna maelezo mengine.

Mchana Fitia hakuwepo. Nilimkuta kilimani, gauni jekundu, sikio kalibana kwenye chuma cha mnara. Ravolasoa ameketi kando yake kamshikia mwavuli, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Nilingoja anitupie neno. Hakutupa. Afadhali angetupa.

Nilimshika mtoto mkono tukateremka. Nikamweleza kwamba huko juu ni hatari na mimi niliapa. Nyumbani ni salama. Nimefunga mlango, nimeziba na ufa wa chini kwa kipande cha bati. Simu nimemwekea mapajani, mbali na kichwa, vilevile nesi alivyosema. Nani anasema mimi siambiliki?

Vijiti hakuna hata kimoja.

Saa nane imefika. Tumekaa, tunangoja.