Fremu Isiyo na Nembo

Jumatatu, 5 Julai 1976

Leo nimepiga bao! Mzee mmoja mstaafu wa reli kule Kingolwira kanipa fremu ya baiskeli ya zamani, nami nikampa redio yangu. Redio ilikuwa nzima. Haidhuru. Fremu nyeusi, haina nembo hata moja, na nzito ajabu. Bega limevimba. Kitu kizito namna hii kitatoka wapi kama si Uingereza?

Mpango wangu: Jumapili napeleka posa Mlali, kwa kina Yustina. Mwalimu Yustina! Kwa ajili yake mimi Lukasi, karani wa masjala, sili nikashiba. Bwana shamba Charles naye anamzungukia, na ana baiskeli mpya ya Phoenix yenye kengele. Basi mimi nitampa baba mkwe baiskeli ya Kiingereza. Kilichobaki ni kujua tu nani kaitengeneza.

Yustina kaniambia nianze kwa mjomba wake, eti yuko hapa hapa mjini. Nimesema nitakwenda. Siendi ng'o. Kwetu Tabora mjomba huja kula pilau akaondoka zake. Binti ni wa baba yake.

Jumanne, 6 Julai

Nimekwangua rangi kwa kisu cha jikoni. Chini ya nyeusi, kijani. Chini ya kijani, buluu. Chini ya buluu nimejikata kidole. Namba hakuna. Lakini ndani ya bomba la kiti nimeona mistari ya kuzunguka, kama ya skrubu. Kazi ya mashine hiyo! Waingereza hawa!

Charles kapita na kengele yake. Kaitazama fremu, kauliza godoro lake liko wapi. Mshenzi.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Ofisi zimefungwa, watu wote kwenye maonyesho. Nimeibeba fremu kwa fundi mmoja karibu na soko. Wanasema hakuna baiskeli asiyoijua. Mzee wa Kiluguru, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia, nikampa.

Kaigeuza juu chini. Kapapasa maungio yote kwa kidole gumba. Nikaanza kupiga miayo. Mwishowe kasema si ya Uingereza. Ni ya hapa hapa: bomba la maji, limechomelewa kwa shaba, kwa mkono. Ile mistari ndipo bomba lilipokuwa likiungwa na bomba jingine.

Nilicheka! Nikamwambia kama ni ya hapa, basi aliyeitengeneza alikuwa kipofu, au alikusudia kitanda akaghairi. Kauliza ni ya nani. Nikamweleza yote: zawadi ya Mzee Bartholomeo wa Mlali, baba mkwe wangu mtarajiwa, ambaye hajui tofauti ya baiskeli na toroli. Nembo tu itamtosha.

Fundi katikisa kichwa polepole. Kasema ataifungia magurudumu na mnyororo, niifuate Ijumaa. Malipo kakataa. Kasema tutaonana. Watu wema bado wapo. Jina sikumuuliza.

Ijumaa, 9 Julai

Baiskeli inatembea! Jioni nimetengeneza nembo kwa bati la kopo la siagi. Simba mwenye taji. Kwa bahati mbaya simba katoka paka, na taji limekuwa masikio mengine mawili. Nimemkaza mbele kwa skrubu.

Yustina kapita kuuliza kama nimeonana na mjomba. Nimesema tumeonana na tumeelewana sana. Kafurahi mpaka kanishika mkono. Nitaungama baada ya harusi.

Jumapili, 11 Julai

Naandika yote, hata ya aibu.

Nimefika Mlali na mshenga wangu, jirani yangu Mzee Stambuli, nimempakia kwenye keria, kalalamika njia nzima. Mzee Bartholomeo katupokea vizuri. Kamsifu paka. Mzee Stambuli alipotoa barua ya posa, mwenyeji kakataa kuipokea, kwa upole. Kasema yeye ni baba tu. Huku mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Na ndiye huyo anaingia.

Nikageuka. Fundi! Miwani na uzi wake! Mzee Kasimiri, mjomba wa Yustina!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shikamoo imenitoka mara tatu.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Katoa bisibisi mfukoni, kamfungua paka, kaniwekea kiganjani. Kisha kawaambia watu kwamba fremu hiyo kaitengeneza yeye, mwaka 1953, kwa mabomba aliyopewa misheni. Juu yake alimpakia dada yake mwenye uchungu, akaisukuma mpaka hospitali ya mjini, na huko akazaliwa Yustina. Baadaye shida zilimfanya aiuze, na miaka yote kaitafuta.

Yustina alilia. Nami nililia. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Mzee Kasimiri kasema barua hataipokea leo. Kila Jumamosi niende kibandani kwake nijifunze, mpaka nitengeneze fremu kwa mikono yangu. Nikiipanda hiyo mpaka Mlali, tutazungumza. Kaongeza kwamba Charles keshakuja kumsalimia mara nne, na kila mara anaamkia vizuri.

Jumatatu, 12 Julai

Nimekoma. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine kabisa.

Ila nimepiga hesabu. Fremu kwa mkono, kwa mtu asiyejua hata kushika tupa, ni mwaka mzima. Mwaka! Na Charles yuko na kengele yake.

Jioni nimepita Mazimbu. Mlinzi wa shamba la mkonge ana fremu kuukuu, anaanikia nguo. Nimempa koti langu, kanipa fremu. Nitaipaka rangi, nitaificha uvunguni miezi miwili mitatu, kisha nitampelekea mjomba niseme ni kazi ya mikono yangu. Haina nembo hata moja. Atajuaje?