Kuhusu Baiskeli Yangu Mliyoiandika Punda

Kwako Mheshimiwa Chifu 'Mamosa, pamoja na Baraza lako lote la Ha Sekhohola,

Amani iwe kwenu, kwa watu na kwa mifugo. Sisi huku Maseru hatujambo, isipokuwa magoti yangu.

Jumamosi iliyopita mliniambia kwamba baiskeli yangu haitatoka katika zizi la mifugo iliyopotea mpaka nilete maelezo kwa maandishi. Haya ndiyo maelezo. Naomba yasomwe kwa sauti mbele ya baraza, na Mzee Tlelima, mlinzi wenu wa malisho, awepo kusikiliza, ila asiruhusiwe kucheka mpaka yaishe.

Kwanza mjue mimi ni nani, maana siku ile nilikuwa na matope hadi masikioni na huenda mlinidharau. Mimi ni Sekhobe Matlosa, mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mchoraji ramani za nchi hii. Mlima huo unaowakinga na upepo niliuchora mimi, kwa wino, mwaka 1994, nimekaa karibu na hita, chai iko pembeni. Baada ya kustaafu nikawa mwenyekiti wa kikundi cha waendesha baiskeli za milimani, chenye wanachama wanne, wote watu wazima na wote wana vitambi. Safari yetu kubwa ni tarehe 14 mwezi huu: kilomita sitini na nne kwa siku moja, kutoka Semonkong, kupanda Kipito cha Lisiu, kushuka kwenu na kuvuka mto. Mpango niliuandika mwenyewe. Una kurasa kumi na moja, na kila mlima umepewa dakika zake. Kipito cha Lisiu kimepewa arobaini. Jumamosi nilikuja peke yangu kuzihakiki hizo dakika tu, basi.

Bila baiskeli hiyo mpangaji wa safari hana safari, na ofisi yangu yote ya zamani imeshaalikwa kuja kutupokea. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nalalamikia neno "punda". Najua kwamba mnyama akikutwa kwenye leboella, yaani malisho mliyoyafunga mpaka majani yakue, huandikwa daftarini: farasi, ng'ombe, kondoo, mbuzi au punda. Baiskeli haimo. Yule mzee wa blanketi la kijani akasema, "Ina masikio mawili marefu, na mwenyewe anaisukuma badala ya kuipanda. Hiyo nini kama si punda? Andika!" Mkaandika. Mheshimiwa, niliumia. Baiskeli ile ina gia ishirini na moja. Kama ni lazima iwe mnyama, naomba iandikwe farasi, tena wa mbio.

2. Baiskeli haili majani. Mzee Tlelima alitoa ushahidi kwamba aliikuta na majani kwenye meno. Ni kweli, lakini ni meno ya gia, na majani yaliingia bila ridhaa yake. Niko tayari kwa majaribio: iachwe malishoni wiki nzima, majani yapimwe kwa rula kabla na baada. Rula ninayo, nzuri sana, ya chuma.

3. Lalamiko la tatu lilihusu uso wa Mzee Tlelima. Nimelifuta kwa ushauri wa mke wangu, Mama Lineo.

4. Mlinzi huyo huyo alisema mbele ya watu, nami nanukuu: "Ilikuja yenyewe, Mama Chifu. Ikawapita kondoo, ikaruka kijito, ikalala chali magurudumu yanazunguka. Nikasema ngoja nimsubiri mwenyewe. Nikavuta kiko kizima, kikaisha. Ndipo nikaona baba mmoja anashuka mlima kwa makalio." Baraza zima likacheka, hata wewe Mheshimiwa ukajifunika blanketi usoni, nilikuona. Napinga maelezo hayo. Baiskeli ilikuwa chini ya uangalizi wangu muda wote. Mimi nilikuwa juu na yenyewe ilikuwa chini, lakini mchungaji naye hukaa juu ya jiwe na ng'ombe wakawa bondeni, na hakuna anayesema wamepotea.

5. Bendera. Katika ukurasa wa sita wa mpango nimeandika "kituo cha maji" kila mahali penye nyumba inayotundika bendera nyeupe. Kila mtu wa nchi hii anajua kwamba bendera nyeupe mlangoni maana yake pombe ya mtama imeiva. Hata mimi najua. Niliandika "maji" kwa sababu mpango huo unasomwa na wake zetu. Sasa, nilipofika kijijini kwenu nikiwa sina hata mate, bendera ilikuwa imeshushwa na chungu kimefunikwa mdomo chini. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Pole baba, tumekunywa tukikungoja ushuke." Mpango haukuruhusu jambo kama hilo.

6. Hili ndilo kubwa, na ndilo linalomaliza kesi. Ramani ya serikali, ambayo mchoraji wake ndiye huyu anayewaandikia, inaonyesha wazi kijiji cha Ha Sekhohola upande wa mashariki wa mto. Nyinyi mnaishi magharibi. Sikuona kibali chochote. Leboella yenu ikipimwa kutoka mahali kijiji kinapopaswa kuwa, basi baiskeli yangu iliangukia mlima wa wote, si malisho yaliyofungwa, na mmemkamata punda asiye na kosa. (Nasema punda kwa ajili ya mabishano tu.) Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kijiji kihamie mahali kilipo. Sina haraka. Mkianza na mazizi, mnaweza kuwa mmemaliza kabla ya tarehe 14. Kanisa linaweza kubaki kwa sababu kwenye ramani halipo.

7. Mkishahama, naomba mkiangalie na Kipito cha Lisiu. Kwenye karatasi ni upana wa kidole changu cha shahada. Hakina sababu ya kuwa vile kilivyo.

Nangoja majibu na baiskeli. Nisalimie wazee wa baraza, hasa yule wa blanketi la kijani. Nisalimie mama wa bendera, na mbwa aliyenifukuza hadi kivukoni, halafu akaona haya akarudi. Msalimie pia farasi wa Mzee Tlelima aliyenibeba hadi barabarani, mwenyewe akitembea mbele kwa miguu na kuniambia kila baada ya hatua kumi, "Shika shingo, baba, huyu hana breki." Alikataa kabisa nimshukuru.

Amani, mvua na neema viwe kwenu.

Wenu mtiifu,
Sekhobe Matlosa
Mwenyekiti na Mpangaji wa Safari

Tanbihi: Mama Lineo ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Ameniuliza swali moja tu: "Hicho kijiji ulikwenda kukiona lini, kabla ya kukichora au baada?" Nilikwenda jikoni kuongeza maji ya chai.

Mheshimiwa, sikuwahi kufika. Mwaka ule upande wa magharibi nilikuwa nimeshaandika jina la mto, kwa herufi za kulala, nzuri mno, sikutaka kuzifuta. Nafasi ya kiboksi chenu haikubaki. Nikawaweka ng'ambo.

Jumamosi nilifika juu ya Kipito cha Lisiu baada ya saa tano, si dakika arobaini, na muda wote huo nilikuwa nasukuma. Nikaona moshi wa nyumba zenu ukitoka upande ambao mmekuwako siku zote. Nikaona njia za kondoo, na mashamba, na kanisa, vitu ambavyo sikuchora hata kimoja. Nikakaa chini, nikalia, mtu mzima na kofia yangu ngumu kichwani. Mikono yote miwili ikasahau kwamba ilikuwa imeshika kitu. Kwa hiyo Mzee Tlelima amesema kweli. Ilikuja yenyewe. Andikeni punda.

Tena nawaomba mwizuie hadi tarehe 14 ipite. Akija mwenzangu Molupe kuulizia, mwambieni baraza bado linajadili. Anauamini mpango wangu, na ana moyo mkubwa na presha, na huo mpango utamuua kwenye ukurasa wa nne. Nikimwambia mwenyewe atadhani namwonea wivu.

Kijiji kisihame. Mwezi ujao nitakuja mimi, kwa miguu, na penseli na kifutio, Mzee Tlelima anizungushe nyumba kwa nyumba aniambie nani anakaa wapi. Kama inawezekana, siku hiyo bendera isishushwe mapema.