Gari Jeupe la Bibi Kudo

Siku Bibi Kudo Tomie aliporudisha leseni yake ya udereva, wote waliokuwa katika kituo cha polisi cha Minasawa waliona jambo la kusikitisha. Bibi wa miaka themanini na tatu, amevaa kofia yake ya kwendea mjini, anaitoa kadi kwa mikono miwili. Askari kijana anaipokea kwa mikono miwili. Kisha wote wawili wanainama kama watu wanaoteremsha jeneza. Mtu mmoja tu, aliyekaa kwenye benchi akisubiri kubadilishiwa anwani kwenye leseni yake, hakuona msiba wowote. Yeye aliona gari lisilo na dereva.

Mtu huyo aliitwa Garrick Tulloch, mzaliwa wa New Zealand, mwalimu wa Kiingereza katika shule za mji huo kwa mwaka wa saba. Kazi yake darasani ilikuwa kusimama kando ya mwalimu mwenyeji na kutamka majina ya matunda. Tufaha. Zabibu. Tufaha tena. Kazi hiyo haikumchosha, na mtu asiyechoka mchana hutafuta pa kupeleka nguvu zake.

Tulloch alizipeleka kwenye magari. Minasawa ni mji wa Japani, wa milima na mashamba ya mpunga. Asiye na gari huko ni mfungwa aliyeachiwa mlango wazi. Kila mwisho wa Julai walimu wa kigeni waliomaliza mikataba hukimbilia makwao, na gari halikunjwi likaingia sandukuni. Kulitupa nako ni gharama. Hapo ndipo Tulloch aliwatokea, amevaa uso wa kufariji wafiwa. "Niachie mimi, ndugu yangu. Wewe nenda kamsalimie mama." Wakamwachia, na baadhi wakamlipa kwa usumbufu. Agosti walipofika wageni wapya, aliwauzia magari yale yale, yameoshwa na kupuliziwa manukato, yamebakiza siku chache kabla ya ukaguzi wa serikali, ule wa kila miaka miwili, unaokula mshahara wa mwezi mzima na kuuliza kama kuna mchuzi.

Yeye mwenyewe aliendesha gari jeusi, refu, lenye viti vya ngozi. Alilisugua kila Jumapili kwa kitambaa laini kuliko shati lake.

Mwaka huo mgeni alikuwa mmoja, Kavita Seepersad kutoka Trinidad, aliyepangiwa shule ya ng'ambo ya mlima. Hakuwa amemaliza wiki nchini Tulloch alipomwandama.

"Dada, kuna gari la bibi kizee," alimwambia. "Jeupe, safi, viti safu tatu. Limezoea soko na nyumbani tu. Ukaguzi wake umepita juzi tu, bado mbichi, na matairi ya theluji yamo."

"Liko wapi? Nilione."

"Linakuja."

"Basi likija nitaliona."

"Likija utamwona mwenzako akiliendesha! Hapa vitu vizuri havitazamwi, vinawahiwa. Au unataka kupanda ule mlima kwa baiskeli? Desemba? Theluji hadi hapa?" Akajigusa kifuani.

Kavita alitazama mlima, akatazama baiskeli aliyoazimwa, akalipa. Zile fedha hazikulala. Tulloch alizinunulia siku hiyo hiyo tiketi ya kwenda kupumzika ufukweni Desemba, na kwa zilizobaki akalivisha gari lake jeusi magurudumu yanayong'aa. Sasa kilikosekana kitu kimoja kidogo tu, nacho ni gari lenyewe alilokwisha kuliuza.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Tulloch katika miaka saba alikuwa amejifunza kuinama vizuri kuliko wenyeji. Alikwenda kwa Bibi Kudo na kasha la keki za maharage, dogo kuliko yote dukani, lililofungwa kwa karatasi nzuri kuliko zote. Akavua viatu, akapiga magoti kwenye mkeka.

"Bibi, nimesikia habari," alisema kwa sauti ya chini. "Gari likikaa bila kuendeshwa hufa. Roho inaniuma. Mimi ningelitunza."

Bibi Kudo alimtazama. Alikuwa bibi mdogo, mwenye mgongo uliopinda kwa kupandikiza mpunga na macho ambayo hayakupinda hata kidogo.

"Mwalimu ungelichukua? Kweli?"

"Kwa heshima kubwa."

"Sina haja ya malipo. Lakini lina kazi zake, hilo gari. Limezoea watu."

"Sitaliacha lipweke, Bibi."

Bibi Kudo akalibeba lile kasha hadi kwenye madhabahu ndogo ya kumkumbuka mumewe, akaliweka mbele ya picha, akagonga kengele ndogo. Akamweleza marehemu, polepole na kwa kirefu, kwamba gari limepata mtu na kazi zake zimepata mtu. Tulloch aliinamisha kichwa kwa heshima za kukodi, akilini akipanga jinsi ya kulipuliza manukato.

Alipotoka aliwakuta uani mabibi wengine wanne wakinywa chai ya shayiri, kana kwamba wamepita tu. Bibi Narita, mwenye magoti mabovu, ndiye aliyeinuka kwanza.

"Mwalimu, tunajiweka mikononi mwako," alisema, na wote wanne wakainama.

"Mimi ndiye niliye mikononi mwenu," akajibu Tulloch, akainama chini zaidi yao. Alikwisha kuyasema maneno hayo mara elfu, kwa wakuu wa shule, kwa wauza samaki, kwa mashine ya tiketi siku aliyolewa. Kwake yalikuwa upepo. Hakuwahi kukaa nchini humo siku moja akifikiri kwamba huenda wenzake wanaposema kitu wanakimaanisha.

Juma hilo akaliandikisha gari kwa jina lake, maana bila hilo asingeweza kulihamishia kwa Kavita. Na zawadi zikaanza. Asubuhi ya kwanza alikuta matango mlangoni. Ya pili, biringanya na mahindi. Kisha tikiti maji lililofungwa utepe, kisha mfuko wa mchele wa kumtosha hadi Krismasi, kisha plamu za chumvi alizotengeneza mmoja wa wale wanne, Bibi Hatakeyama, kwa mkono wake. Hakuna barua, hakuna jina. Tulloch alikula kila kitu. Alikula tikiti lote peke yake, amesimama kwenye sinki, akicheka. Nimewachukulia gari, alijisemea, na bado wananilisha! Kweli, wajinga ndio waliwao.

Mwenyeji yeyote wa darasa la tatu angemwambia kwamba huko tikiti haliliwi hivihivi. Ukipokea, utarudisha. Ukila ukanyamaza, umetia sahihi.

Jumamosi aliyopanga kulikabidhi gari kwa Kavita, alishuka na ndoo ya maji na chupa ya manukato. Kwenye maegesho akawakuta mabibi watano wamejipanga kando ya gari jeupe, kila mmoja na taulo shingoni na kikapu mkononi. Nyuma yao alisimama Bwana Kudo Nobuhiro, mpwa wa Bibi Kudo na mkuu wa ofisi ya elimu ya mji, amebeba kamera.

"Hee, mwalimu amekuja kuliosha kabisa!" akasema Bibi Hatakeyama. "Niliwaambia ana moyo."

"Kuna nini?" Tulloch aliuliza.

"Leo ni siku ya kuoga kwenye chemchemi ya maji moto," alisema Bibi Kudo. "Jumanne ni hospitali. Alhamisi ni soko, baada ya vipindi vyako, hatutaki kukusumbua kazini. Tangu basi liondolewe Aprili nilikuwa nawapeleka mimi. Lakini mwanangu akanikalia kooni, mama rudisha leseni, mama rudisha leseni. Nikamwambia, narudisha, ila nikishapata mtu."

Tulloch alicheka kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Bibi zangu, hapa tumepishana. Gari hili..."

"Mwalimu Tulloch!" Bwana Nobuhiro alimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Shangazi amenieleza. Ofisi nzima imeguswa. Nilipofungua suala la mikataba ya mwakani, si unajua, kulikuwa na sauti zikisema: huyu miaka saba anasema tufaha, mji unapata nini? Sasa nimepata la kuwajibu. Picha itatoka kwenye jarida la mji. Sogea karibu na Bibi Narita. Ukimshika mkono itapendeza."

Tulloch akamshika Bibi Narita mkono. Mshahara ni mshahara.

Picha ilikuwa bado inapigwa Kavita alipoingia na baiskeli yake, jasho likimtiririka.

"Ndilo lenyewe?" akauliza. "Zuri! Ufunguo uko wapi?"

"Dada," Tulloch akanong'ona kwa Kiingereza, "rudi kesho. Kuna sherehe ya kienyeji hapa, huwezi kuelewa."

"Binti anasemaje?" aliuliza Bibi Kudo.

"Anasema hali ya hewa ni nzuri," Tulloch akatafsiri.

"Nasema nimeshalilipia hili gari," akasema Kavita kwa Kijapani kilichonyooka, alichokisoma chuo kikuu miaka minne. Tulloch hakuwahi kumuuliza kama anakijua. Alikuwa akishughulika kuongea.

Bwana Nobuhiro akashusha kamera taratibu.

"Umelilipia," akarudia. "Gari la shangazi yangu. Alilolitoa bure."

Tulloch alirudi nyuma hatua moja, akakanyaga ndoo yake ya maji. Na aliyemwokoa, kama kuokoa ndilo neno, alikuwa Bibi Kudo.

"Nobuhiro, usiwe mzito," alisema. "Mwalimu atamuuziaje mtu gari la wazee? Amemuuzia lile lake." Akanyoosha kidole kilichopinda kuelekea gari jeusi, lililokuwa likimeta juani na magurudumu yake mapya. "Mtu mmoja magari mawili ya nini? Sivyo, mwalimu?"

"Eeeh!" wakaitikia mabibi kwa pamoja.

"Kumbe!" akasema Nobuhiro, kamera ikapanda tena.

"Kwa bei ile ile?" aliuliza Kavita, akimtazama Tulloch usoni.

Tulloch aliwatazama mmoja mmoja. Angesema hapana, angekuwa mwizi mbele ya bosi wake. Fedha za kurudisha hakuwa nazo, zilikuwa ufukweni zikimsubiri.

"Kwa... kwa bei ile ile," akasema.

"Ukaguzi wake?"

"Mbichi," akajibu, na ilimuuma zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Basi binti, kapumzishe hiyo baiskeli," akasema Bibi Narita, akifungua mlango wa gari jeupe. "Na wewe mwalimu twende, maji yatapoa."

Akawapeleka. Aliwapeleka Agosti, akawapeleka Oktoba mpunga ulipovunwa, na Januari theluji ilipozidi kimo cha uzio aliamka mapema kuwafukulia gari kwa koleo. Tiketi ya ufukweni ilipita na siku yake, kwa sababu Desemba ni mwezi wa chanjo ya wazee. Alijaribu mara moja kulirudisha gari. "Nitafurahi," alisema Bibi Kudo, "lakini mimi sina leseni." Mkataba ukaongezwa. Jarida la mji likamwita hazina.

Alhamisi moja, wakiteremka kutoka sokoni, wanne wa nyuma wamelala na vitunguu mapajani, Tulloch hakuweza kuvumilia tena.

"Bibi, kama mlitaka dereva, si mngeniomba tu?"

Bibi Kudo alikuwa akimenya chungwa. Akamaliza, akamwekea nusu kwenye kiganja.

"Tungekuomba, ungekataa," alisema. "Ungekataa kwa adabu, nasi tungebaki barabarani. Siku ile kituoni nilikuona benchini kabla sijaitoa kadi. Mtu ukimpa kazi huikwepa, mwalimu. Ila akidhani anaiiba, huishika kwa mikono miwili." Akapangusa vidole. "Kula, kabla hatujafika kwa daktari wa meno wa Narita."