Ombi la Kuandikishwa Kama Panya wa Maabara

Hounslow, London
11 Februari

Kwa Mkuu wa Idara ya Biolojia

Mheshimiwa Profesa,

Shikamoo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu bango la mlangoni kwenu linasema idara inathamini lugha zote za dunia. Mkalimani mtamtafuta wenyewe.

Mimi ni Telesphor Mutalemwa wa Bukoba, mwanafunzi wenu wa mwaka wa mwisho. Jumatatu nimepokea barua yenu ya onyo: nimekosa vipindi siku sita, na nikikosa tena mtawaarifu watu wa viza nirudishwe kwetu bila shahada. Nimeisoma mara tatu, kwa heshima zote. Kisha nikaenda zangu kwenye chumba cha wanyama, ninakojifunza kutunza panya wenu weupe, na huko ndiko macho yalikonifunguka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Joto. Chumba cha panya kina nyuzi ishirini na mbili, usiku na mchana. Zikishuka kidogo tu king'ora kinalia na fundi anakuja mbio. Chumbani kwangu leo asubuhi zilikuwa kumi na moja. Mwenye nyumba alinishauri nivae soksi. Nilikuwa nimeshavaa jozi mbili.

2. Kelele. Tunatakiwa kuvaa viatu laini na kunong'ona, panya wasije wakashtuka. Juu ya paa langu ndege zinapita moja baada ya nyingine, vikombe vinacheza kabatini. Kushtuka kwangu hakumo kwenye kanuni yoyote.

3. Upweke. Hili linauma. Mmetufundisha kwamba panya ni mnyama wa kukaa na wenzake. Akitengwa anasinyaa na kususa chakula. Kwa hiyo ni marufuku kumweka peke yake bila sababu iliyoandikwa na kutiwa saini. Profesa, mimi ni Mhaya. Kwetu mtu akipata mafua tu, ukoo mzima unakuja kumpa pole, na ndizi juu. Hapa tangu Septemba aliyebisha hodi mlangoni kwangu ni mleta vifurushi, naye alikosea nyumba. Naomba nioneshwe hiyo sababu yangu iliyotiwa saini.

4. Ugonjwa. Siku zile sita nilikuwa kitandani na homa. Wiki hiyohiyo Panya Namba 47 alisusa chakula mara moja. Akaitwa daktari, ikafunguliwa fomu, watu wakapeana zamu za kumtazama. Mimi sikula siku nne, nikaletewa onyo. Jamani!

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba niandikishwe kama panya. Sidai kizimba kikubwa. Nipeni mwenzangu mmoja, makaratasi ya kujifunika, na namba sikioni, ili siku nisipoonekana mtu aje kunitazama.

Nisalimieni wahadhiri wote, mama wa mapokezi, na Namba 47 kama ameshapona.

Ni mimi mtiifu wenu, ninayetetemeka,
Telesphor Mutalemwa

N.B. Kabla ya kuituma nimempa barua hii Mzee Chaman, mtunza panya wenu, mzaliwa wa Mwanza, aisome. Amecheka mpaka akashika meza. Kisha akanigombeza vibaya: kwa nini niliumwa siku sita nisimwambie? Jumapili ananipeleka kwake Kenton, mkewe atapika ndizi. Basi lalamiko la tatu lifuteni. Halafu akanieleza kwamba jaribio linakwisha mwezi Juni, na siku hiyo panya wote wanauawa wapasuliwe, Namba 47 akiwemo, na afya yake tele. Profesa, ombi langu lichaneni leo hii. Viza yangu nayo inakwisha mwaka huu, lakini mimi mtanipandisha ndege tu. Kumbe muda wote huu nilikuwa napendelewa, na shukrani sina.